Ndai Zimepanda Bei, Basi Chunga Rangi: Jinsi ya Kutoa Mikwaruzo na Kupiga Gari Polishi Ukiwa Kwako

Kama uko na ndai nyeusi, bluu ama maroon, fanya hii kitu leo usiku. Washa tochi ya simu, ilete karibu na boneti, halafu angalia rangi pale mwanga umepiga. Unaona vile vimistari vyembamba vimezunguka mwanga kama utando wa buibui? Sasa unajua kwa nini gari yako inakaa mzee hata ikitoka carwash saa hii hii.

Hiyo si umri wa gari. Ni vile inaoshwa. Na habari njema ni kwamba mikwaruzo mingi ya aina hiyo unaweza kuitoa mwenyewe kwa parking ya ploti yenu, wikendi moja, bila kulipa mtu maelfu. Habari mbaya ni kwamba ukiifanya vibaya, ama ukiirudia rudia, unamaliza kitu ambacho hakirudi. Hapo ndipo wasee wengi huingia mtaroni, kwa hivyo soma hadi mwisho kabla ya kukimbia dukani.

Kwa nini rangi imekuwa mambo ya pesa

Anza na hesabu. Mwaka wa 2023, ushuru wa kuingiza gari nchini ulipanda kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16, na kila moja inapigwa juu ya ile imetangulia. Mwaka wa 2025 KRA nao wakatangaza orodha mpya ya bei za kukokotolea ushuru wa magari. Ongeza ile sheria ya miaka minane: gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza huko Japan haishuki Mombasa. Ndiyo maana 2025 ilibidi iwe ya 2018 kuja juu.

Na usisahau Finance Bill 2024. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kukata asilimia 2.5 ya thamani ya gari yako kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Vijana walipiga kelele, hiyo sehemu ikaondolewa, na mwishowe mswada wote ukaanguka. Lakini somo lilibaki: gari ni mali, na kila mtu anaiangalia kama mali, kuanzia serikali hadi yule broker wa Ngong Road.

Sasa kama kubadilisha gari kumekuwa ghali hivi, maana yake ni moja. Hiyo Demio, Vitz, Note ama Axio uko nayo utakaa nayo sana. Na siku ya kuiuza, mnunuzi ataangalia bodi kabla hajafungua boneti. Rangi ikikaa imechoka, anaanza kuangusha bei hapo hapo hata kama injini iko fiti kama saa. Kwa hivyo kuchunga rangi si mambo ya kuringa. Ni akiba yako.

Hiyo mikwaruzo inatoka wapi

Rangi ya gari nyingi za kisasa iko na tabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka la uwazi linaloitwa kliakoti. Hiyo ndiyo inang'aa, na ndiyo inakinga rangi dhidi ya jua. Tatizo ni kwamba ni nyembamba sana, mara nyingi kama maikroni 40 hadi 50 tu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi iko karibu maikroni 100. Yaani kinga yote ya gari yako ni nusu ya unene wa karatasi.

Sasa fikiria vumbi. Kama unaishi pande za Ruai, Utawala, Kitengela ama Juja, kufika jioni gari imejaa mchanga mdogo wa murram. Kitambaa kikipita juu ya huo mchanga bila maji kutangulia, umepiga gari msasa. Ukitumia kitambaa hicho hicho kilichosugua magurudumu, umeongeza na vyuma vya breki. Ukitumia sabuni ya unga ambayo haijayeyuka vizuri, chembe zake nazo zinasaidia kukwaruza.

Na kitu wengi hawajui: mikwaruzo yenyewe haijazunguka. Imeenda kila upande, maelfu kwa maelfu. Ni vile tu ile iliyokaa vizuri kwa mwanga ndiyo inaonekana, ndiyo maana unaona duara kuzunguka tochi ama jua. Gari nyeupe na silva ziko nayo pia, ni vile tu zinaificha.

Hapa usikimbilie kumlaumu msee wa carwash. Huyo ni kijana anasukuma maisha, wengi wanalipwa kwa hesabu ya gari wameosha, na mwenye base amewapea ndoo moja na vitambaa viwili vya gari zote za siku. Akikuosha polepole kwa dakika arobaini, amekosa gari mbili. Mfumo wenyewe ndio unakwaruza. Na kama wewe ni dereva wa app, unaosha gari mara sita kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Fanya hesabu ya hicho kitambaa.

Suluhisho la bei rahisi: nunua vitambaa vyako viwili vya mikrofaiba na chupa ya shampuu ya gari, weka kwa buti. Ukifika carwash, mwambie boss, "Piga maji kwanza, toa vumbi yote, halafu tumia hizi zangu." Muongezee kitu kidogo kwa huo muda. Hutapata mtu wa kukukatalia.

Kabla hujashika polishi, jua gari yako

Si kila mkwaruzo unatoka. Pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukikwama, huo umeenda chini sana na polishi haitautoa. Ukiufuata utachimba shimo kwa kliakoti.

Angalia paa na boneti. Kama kuna mabaka meupe yanachubuka kama ngozi iliyoungua, kliakoti imeshakufa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua letu halina mchezo. Gari inayolala nje bila kivuli huanza kuumia hapo juu. Polishi haifufui kliakoti iliyokufa. Hiyo ni kazi ya kupaka rangi upya.

Pia uliza historia. Gari nyingi hapa zimeguswa guswa na wapaka rangi wa mtaa, hasa bampa na milango. Rangi ya pili inaweza kuwa nyembamba ama laini kuliko ya kiwandani. Zingine za zamani hazina kliakoti kabisa. Utajua ukianza kusugua na kitambaa kianze kuchukua rangi ya gari. Ukiona hivyo, punguza mkono.

Hatua kwa hatua

*Moja: osha vile inafaa.* Tafuta kivuli na ungoje bodi ipoe. Ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji safi ya kusuuzia kitambaa. Mwaga maji kwanza ili vumbi litoke lenyewe. Anza paa, shuka chini. Magurudumu yawe na kitambaa chao, na kisipande juu kamwe. Najua maji ni shida mitaa mingi, lakini mitungi miwili ya lita 20 inatosha gari ndogo ukiwa makini. Kama ni maji ya borehole, ama maji ya chumvi kama uko Mombasa, usiyaache yakauke juu ya gari. Yanaacha madoa meupe ambayo jua likiyapika ni kazi kutoa. Kausha kwa taulo ya mikrofaiba, ukigandamiza badala ya kusugua.

*Mbili: toa uchafu uliojishika.* Hata baada ya kuosha kuna vitu vimeng'ang'ana: utomvu wa miti, lami, vumbi la breki. Chukua karatasi ya mkate, ile nyembamba, vaa kwa mkono kama glavu na upitishe polepole juu ya boneti safi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 lakini ya mkate bado tunayo, kwa hivyo usiseme umekosa. Ukisikia kama msasa, unahitaji udongo wa gari, ule unauzwa kama kipande cha plastisini. Nyunyizia maji yenye shampuu, teleza huo udongo bila kukandamiza, ukiukunja kila ukichafuka. Ukianguka chini, tupa. Umeshabeba mchanga.

*Tatu: funika plastiki.* Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kwa plastiki zote nyeusi, mipira ya madirisha na kingo za taa. Polishi ikikauka kwa plastiki nyeusi inaacha weupe ambao utakusumbua wiki nzima.

*Nne: jaribu mahali padogo.* Hii ndiyo hatua wasee huruka, na ndiyo ya maana kuliko zote. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa boneti. Anza na polishi laini kabisa uliyo nayo na sponji laini. Fanya hapo tu, futa, piga tochi. Kama imetosha, umepata dawa yako ya gari nzima. Kama bado, ndipo unapanda hadi polishi kali kidogo. Kompaundi, ile inakata kabisa, iwe ya mwisho. Kanuni ni rahisi: tumia kitu laini zaidi ambacho kinafanya kazi.

*Tano: fanya kazi.* Kwa mkono, weka matone machache kwa sponji, fanya eneo dogo, mbele na nyuma, halafu kulia na kushoto, dakika mbili tatu kwa nguvu ya wastani. Tuambiane ukweli: kwa mkono utapunguza mikwaruzo myepesi na gari itang'aa, lakini hutaimaliza yote, na mabega yatakuuma. Ukitaka kumaliza, unahitaji mashine.

Mashine gani, na ile ya kuepuka

Kuna aina mbili. Ya kwanza inazunguka huku ikitikisika, wenyewe wanaiita DA. Ukiikandamiza sana kwa kawaida sponji inaacha kuzunguka, kwa hivyo ni vigumu kuharibu gari. Kama ni mara yako ya kwanza, chukua hii. Mkishirikiana watu wanne watano wa ploti ama wa stage moja ya app, kila mtu anatoa sehemu ndogo na mashine inazunguka kwenu.

Ya pili inazunguka tu, moja kwa moja. Inakata haraka lakini inaleta joto, na kwa mkono usiojua inachoma rangi kwa sekunde chache, hasa kwa kingo. Pia inaacha mawingu fulani yanayocheza cheza kwa jua. Hiyo waachie wenye uzoefu.

Halafu kuna ile ya jua kali: kuchukua grenda ya kukatia vyuma na kufunga sponji juu. Tafadhali, hapana. Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi inafanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya hiyo spidi. Utafika kwa praima kabla hujamaliza kusema "ngoja".

Ukitumia DA, weka matone manne kwa sponji, sambaza kwa spidi ya chini, halafu panda spidi ya kati. Songa polepole, kila mstari ufunike nusu ya ule umepita, mara nne kwa eneo moja. Epuka kingo na mistari ya bodi kwa sababu hapo rangi ni nyembamba zaidi. Gusa bodi mara kwa mara. Vuguvugu ni sawa, ikichoma mkono simama. Safisha sponji baada ya kila paneli, maana sponji iliyojaa inaanza kukwaruza upya.

Ukimaliza eneo, futa kwa mikrofaiba, kisha pangusa na spiriti iliyochanganywa na maji. Sababu ni kwamba polishi nyingi ziko na mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya. Spiriti inaondoa mafuta na kukuonyesha ukweli.

*Sita: funga kazi.* Polishi inang'arisha lakini hailindi. Malizia na waksi ama silanti. Kwa jua letu waksi inaweza kukaa wiki kadhaa, silanti nzuri inakaa miezi. Paka kidogo, ngoja, futa. Kile kitu kinaitwa seramiki ni kizuri, ila ukikipaka juu ya mikwaruzo umeifungia mikwaruzo ndani. Na hakizuii kitambaa chafu cha carwash, hata ukilipa pesa ngapi.

Hizi njia za TikTok je?

Dawa ya meno: iko na chembe za kusugua, ndiyo maana inafanya kazi kidogo kwa mkwaruzo mmoja. Lakini haikutengenezewa gari nzima, na utaacha ukungu.

Mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, na zile dawa za kupulizia dashibodi: zinaacha utando wa mafuta unaoficha mikwaruzo siku mbili. Halafu vumbi linanata, unasugua tena, na umeongeza mikwaruzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni bili ya kupaka gari rangi.

Na hiyo inakuleta kwa jambo lingine la kuchunga. Mbinu hiyo hiyo ndiyo inatumika na wauzaji wajanja. Gari inapakwa kitu kinachojaza mikwaruzo, inawekwa mbele ya yadi, wewe unaona kioo. Baada ya kuoshwa mara tatu unaona buibui. Kwa hivyo ukienda kununua, nenda saa sita jua likiwa juu, usiende jioni wala siku ya mvua. Beba tochi. Omba boneti ipanguswe na kitambaa chenye maji ya sabuni mbele yako. Linganisha rangi ya mlango na ya ubavu wa nyuma. Angalia kingo za boneti kama rangi imefifia hadi inaonekana chini, maana hapo mashine imepita sana. Gari iliyopigwa polishi mara nyingi inang'aa leo lakini kliakoti yake iko karibu kwisha, na wewe ndiye utabaki nayo ikianza kuchubuka.

Usimalize kliakoti

Kliakoti ni kama bando. Kila ukipiga polishi unakata kidogo. Polishi laini inakata sehemu ndogo sana, pengine maikroni moja ama chini. Kompaundi na mashine zinaweza kukata maikroni kadhaa kwa siku moja. Ukikumbuka ziko 40 hadi 50, na kwamba kinga ya jua inapungua kadiri unavyokata, utaona kwa nini mtu anayekuambia ulete gari "buffing" kila mwezi anakula gari yako. Bando ikiisha una Okoa Jahazi. Kliakoti haina.

Kwa hivyo piga polishi ya kukata mara moja, vizuri, halafu kazi yako kubwa iwe kuzuia mikwaruzo mingine. Miezi ijayo ni kuosha kwa adabu na kurudisha waksi tu. Ukifanya hivyo unaweza kukaa miaka kabla ya kuhitaji mashine tena. Lakini ukitoa mikwaruzo Jumamosi, halafu Jumatatu uirudishe kwa kitambaa kile kile cha carwash, umelipa kwa kliakoti bila kununua chochote.

Na kama uko hapo unatafuta kazi ya kufanya na mikono yako, angalia hapa vizuri. Carwash ziko kila kona, lakini msee anayeosha kwa ndoo mbili, anayejua kusoma rangi kwa tochi, na anayeweza kumwambia mteja "hii gari usiipige polishi, kliakoti imeisha" ni nadra. Jifunze kwa boneti ya zamani kutoka kwa wauza skrapu kabla hujagusa gari ya mtu. Kuna watu wamekwama na gari zao kwa miaka mingine mingi, na wote watahitaji rangi idumu.

Kama pesa ni kidogo mwezi huu, anza na vitambaa viwili na shampuu. Polishi inaweza kungoja. Kitambaa chafu hakingoji.